Mifupa ya Mfereji wa Kapita

Hakuna aliyempa Brigadiye Edmond wa polisi kiti, wala maji. Kilima kizima kilikuwa kimekusanyika mbele ya kapela, kanisa dogo la Nyabiondo, wanaume upande wa juu, wanawake upande wa chini, na katikati wakaacha uwanja mtupu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema. Watu wa Nyabiondo siku hiyo walikuwa na ugonjwa wao, na mgeni huyu hawakumtaka hata karibu na kitanda.

Kikapu kililetwa. Théogène, chifu mdogo wa kilima, alikishika kwa mkono mmoja akakitua miguuni pa Edmond kwa nguvu, mpaka mifupa ikagongana ndani.

"Njo huyu," akasema. "Symphorien. Andika, tia muhuri, urudi kwenu."

"Nitaandika nikisha kuona."

"Kuona nini? Bantu bote bamekwisha kuona. Mama yake amekwisha kuona. Weye muntu wa Walikale unataka kuona nini tena?"

"Ninataka mukeka," Edmond akajibu.

Kesi ilionekana nyepesi, na ndiyo sababu Edmond hakuipenda. Wiki iliyotangulia, watu waliokuwa wakizibua mfereji wa kuzuia mmomonyoko, ile mifereji ambayo serikali ilimlazimisha kila mwanamume aichimbe shambani apende asipende, walikuta mifupa ya mtu katika kipande alichosimamia kapita Kanyamibwa. Kichwa hakikuwepo. Kwenye mfupa wa mkono palikuwa na bangili ya shaba. Mukasine, mjane wa ng'ambo ya kijito, aliitazama bangili akasema ni ya mwanawe Symphorien, kijana wa miaka ishirini, ambaye mwaka jana alimpiga Kanyamibwa mpini wa jembe mbele ya watu, akatoweka siku ileile. Polisi walikuwa wakimtafuta tangu hapo kwa kosa hilo la kumpiga kapita wa serikali. Sasa ilionekana hakukimbia mbali.

Kanyamibwa alikuwa kwenye kasho, gereza la Masisi, amefungwa mnyororo. Lori la kumpeleka mbele ya jaji wa parke, yaani mahakamani, lilikuwa linakuja kesho. Likiondoka na karatasi ya Edmond inayosema kwamba mifupa hii ni ya Symphorien, kapita atanyongwa.

Tusifichane: Kanyamibwa alikuwa mtu mbaya. Mfereji wako ukipungua kina kidogo tu, alikuandika, ukaitwa, ukalazwa chini ukachapwa mbele ya watoto wako. Ukimtoa mkewe, hapakuwa na mtu kilimani ambaye angemlilia. Edmond mwenyewe asingemlilia. Lakini alikuwa ametumwa kuangalia mifupa, na kuna watu ambao wakipewa kazi hawawezi kuifanya nusu, hata kama nusu ingewaletea amani.

Mkeka uliletwa na Epiphanie, mke wa Kanyamibwa. Wanawake walimfyonya alipopita katikati yao. Aliutandika bila kumtazama Edmond usoni.

"Sikuuleta juu ya weye," akasema kwa sauti ya chini. "Weye njo ulimufunga bwana yangu. Sitasahau."

"Usisahau, mama. Kaa pale."

Edmond akapiga magoti. Kabla ya kuvaa kofia ya polisi alikuwa amesoma miaka miwili katika shule ya wauguzi, na daktari wa teritwari, yaani wilaya, ambaye hakuwa na hamu ya kupanda vilima kwa ajili ya maiti isiyo na nyama, alimwambia aipange mifupa kama alivyofundishwa, kisha aandike anachokiona. Polisi Pierre, kijana mnene wa Masisi aliyefuatana naye, alisimama na bunduki kuzuia watu wasisogee.

Alianza na uti wa mgongo, kwa kuwa ndio unaobeba mengine yote. Akazipanga pingili moja baada ya moja, kubwa za kiunoni chini, ndogo za shingoni juu, kila moja ikikaa juu ya mwenzake na vile vibapa vyake viwili vinavyoteleza kidogo kidogo mtu anapoinama. Zikapatikana zote. Mbavu. Mabega, yale yenye kikombe kifupi kama kifuniko, ndiyo maana mkono huzunguka pande zote. Viwiko. Nyonga ilikuwa imevunjika vipande, lakini kikombe chake kirefu kilikuwa kizima, na kichwa cha mfupa wa paja kilizama humo barabara kikatulia. Alichukua muda. Watu walianza kunung'unika.

"Nani alisema kichwa kilikatwa?" akauliza bila kuinua uso.

"Bote tunasema," Théogène akajibu. "Kanyamibwa alimukata na upanga, akatupa kichwa kwa muto, bantu basijue ni nani."

"Uliona?"

"Sikuona. Ninajua."

"Na bangili akaiacha kwa mukono, bantu bajue." Edmond akainua pingili mbili za juu kabisa za shingo. Ya kwanza ni pete. Ya pili ina jino linalosimama ndani ya pete hiyo, na juu ya jino hilo ndipo kichwa hugeuka mtu anapokataa jambo. Alizishika pamoja akaizungusha pete, kulia, kushoto. "Angalia. Upanga ukipita kwa shingo, utapasua hapa, ao hapa chini. Hakuna alama. Hizi ziko nzima, na zinazunguka muzuri sana. Huyu muntu hakukatwa kichwa. Kichwa kilinyanyuliwa tu, kama vile unanyanyua kifuniko ya chungu, wakati nyama ilikwisha kuoza zamani. Kuko muntu alikuja kukuta mifupa mitupu, akabeba mingine, akaacha kichwa."

Bonge la udongo likaruka kutoka upande wa juu likapasukia ukingoni mwa mkeka. Pierre akageuza bunduki huku na huku, asijue amwelekezee nani.

Edmond akapangusa udongo kwa kiganja, akaendelea na magoti. Goti ni bawaba. Linakunja na kukunjua, basi, halina mengi. Lakini kati ya mfupa wa juu na wa chini kuna gegedu laini, na kwa mtu aliyepanda na kushuka vilima maisha yake yote gegedu hilo huisha, mfupa ukaanza kusugua mfupa mpaka ukang'aa. Magoti haya yaling'aa. Pingili za kiuno nazo zilikuwa zimeota midomo pembeni, mbili zimekaribia kushikana.

"Papa Théogène, ukichuchumaa, goti yako inalia?"

Chifu alikuwa mtu wa makamo mwenye tumbo. Mtu mmoja nyuma akacheka, kisha akanyamaza upesi.

"Hiyo inaingia wapi?"

"Inaingia hapa. Huyu muntu magoti yake ilikuwa inalia kuliko yako. Symphorien alikuwa na miaka ishirini. Akipanda kilima, magoti ilikuwa inalia?"

Hapo ndipo Mukasine aliposema kwa mara ya kwanza. Alikuwa amesimama mbele ya wanawake wote, mwanamke mrefu, mkavu, mikono imefumbatwa kifuani. Hakulia, hakutetemeka.

"Mutoto wangu alikuwa na ugonjwa wa viungo," akasema. "Tangu utoto. Wakati wa mvua alikuwa anatembea kama muzee. Bote hapa banajua."

"Tunajua!" kilima kikaitika.

Lilikuwa jibu zuri, na Edmond alilikasirikia kwa sababu lilikuwa zuri. Ugonjwa wa viungo haumchagui mzee, alikuwa ameona wodini watoto waliopindika vidole. Kwa magoti peke yake asingemshinda mama huyu. Akatafuta kitu kisichougua.

Akaokota mtulinga, ule mfupa mwembamba wa chini ya shingo. Ncha yake ya ndani, inayoungana na kidari, ndiyo ya mwisho mwilini kukomaa: kwa kijana wa miaka ishirini huwa bado haijashikana na mfupa wenyewe, unaona mstari, wakati mwingine ncha inabanduka kabisa. Hii ilikuwa imeshikana zamani, imezeeka, imekwaruzika.

"Ugonjwa hauwezi kukomaza mufupa huu," akasema. "Ni miaka tu inaukomaza. Mama Mukasine, huyu muntu alikuwa amekwisha kuzaa, amekwisha kuona bajukuu."

"Hayo ni mambo ya shule ya bazungu."

"Basi tuache shule." Akainua kipande cha nyonga, akachokonoa kwa kijiti ndani ya kikombe. Udongo mweusi, mnono, ukadondoka kwenye mkeka. Alipanua kiganja akauonyesha wanaume. "Mufereji wa Kanyamibwa uko na udongo gani?"

Wakulima hata wakichukia hawawezi kudanganya kuhusu udongo. Macho yote yakaenda ng'ambo, kwenye kovu jekundu la mfereji ubavuni mwa kilima.

"Mwekundu," Edmond akajijibu. "Huu mweusi ni wa fasi gani? Wa ndani ya migomba, nyuma ya nyumba. Fasi mulikuwa munazika bazee zamani, kabla ya makaburi ya misioni."

Halafu akachukua bangili, akaiweka karibu na mifupa ya mkono.

"Na hii. Shaba ikilala na mufupa ndani ya udongo wa maji mwaka muzima, inapaka mufupa rangi ya majani mabichi. Angalieni mufupa. Iko mweupe. Bangili ilivalishwa juzi."

Alitegemea kelele. Kelele hazikuja. Aliwatazama nyuso akaelewa kwamba wengi wao hawakushangaa. Hawakujua, labda, wala hawakutaka kujua. Penye wengi hapaharibiki neno, wahenga walisema, na wahenga hawakuwahi kukaa na kilima kilichokubaliana kumnyonga mtu.

"Hata kama haiko Symphorien," Théogène akasema polepole, "weye unapoteza nini? Kanyamibwa ameua bantu wengine na karatasi yake. Andika tu."

"Siandiki."

"Basi tutaona ginsi utashuka hapa kilimani."

Macho ya Edmond yalikuwa yamerudi kwenye shingo. Pingili za katikati, ya nne, ya tano na ya sita, zilikuwa zimesagika kwa mbele na kuota midomo kama zile za kiuno. Alikwisha kuona shingo ya namna hiyo. Nyabiondo wanawake hubeba kichwani: kata ya majani, mzigo juu yake, shingo imenyooka kama nguzo. Kwao Edmond, Mpofi, huko chini msituni, kikapu hukaa mgongoni na kamba yake hupita kwenye paji la uso, na mwanamke hutembea ameinama akivuta mzigo kwa shingo tangu usichana mpaka kaburini. Mama yake mzazi mwishoni hakuweza kuinua uso kumtazama mtu mrefu. Edmond alipatwa na uchungu pale chini kwenye mkeka, na mara uchungu ukawa hasira. Mwanamke wa kwao alikuwa amefukuliwa akatumiwa kama chombo cha kumnyongea mtu.

Akainuka. "Nani hapa kilimani alikuwa na mama, ao nyanya, wa kutoka Walikale?"

Mzee mmoja akatema mate. Kisha sauti ya Epiphanie ikatoka pale alipoambiwa akae.

"Mama mukwe wa Mukasine. Alitoka Mpofi. Alikuwa anabeba na kamba kwa uso mpaka kufa kwake, batoto banamucheka. Alizikwa kwa migomba ya bwana ya Mukasine."

"Nyamaza, muke wa muuaji!" mwanamke mmoja akamwambia.

"Nimenyamaza tangu bamemufunga. Sasa nimechoka."

Epiphanie alikuwa na kila sababu ya kusema uongo, na Edmond alilijua hilo. Alimwachia Pierre mkeka, akashuka peke yake kuvuka kijito. Théogène na wanaume wachache wakamfuata kwa mbali, na mbwa wao mbele. Mukasine alimpita njiani bila neno, akatangulia kwake.

Nyumba ilikuwa safi, imefagiwa. Nyuma yake, ndani ya migomba, udongo ulikuwa mweusi kama ule wa kwenye kikombe cha nyonga, na mahali pamoja palikuwa pamepandwa matembele mapya ambayo hayajashika vizuri, yamelala kwa jua. Angeweza kuamuru pachimbwe. Bila idhini ya jaji, na wanaume wale wakiwa uani na miundu mikononi, lingekuwa jembe la mwisho analoliamuru duniani. Akaacha. Akatembea mpaka ukingo wa shamba la mbele, na hapo akasimama.

Shamba lilikuwa limelimwa upya. Matuta mazuri, maharage yamepandwa, mengine yanachungulia. Jembe lilikuwa limeegemea ukuta, udongo juu yake bado mbichi. Edmond akageuka akamtazama Mukasine, safari hii si usoni bali kichwani. Nywele zake zilikuwa zimechanwa, zimepangwa vizuri.

"Ulilima lini, mama?"

"Siku zote ninalima. Ninakula nini?"

"Mifupa ya mutoto wako iligunduliwa wiki iliyopita. Uliitambua weye mwenyewe."

Hata mgeni wa Nyabiondo alizijua desturi za huko. Nyumba ikifiwa, jembe linalazwa chini. Hakuna kulima, hakuna kupanda mbegu, na mama wa marehemu hunyolewa nywele, mpaka matanga yatakapofungwa rasmi. Padri alikuwa amepiga marufuku mengi, lakini hilo hakulithubutu. Na desturi hiyo ina upande wake wa pili, unaosemwa kwa kunong'ona tu: ukimfanyia mtu aliye hai mambo ya matanga, umemwita kaburini, na ataitika. Mukasine aliweza kudanganya polisi, chifu na jaji. Kulaza jembe kwa ajili ya mwana anayepumua hakuweza. Kosa hilo angelifanya kila mama wa kilima kile.

Edmond akawageukia wanaume waliosimama uani.

"Papa Théogène, umesema niandike. Nitaandika. Lakini maiti ya Mukristo haiwezi kulala ndani ya kikapu. Leo mangaribi tunamuzika Symphorien. Muite katekisti Jean-Marie. Muite na mwanamuke wa kumunyoa mama yake."

Chifu hakuwa ametegemea ushindi mwepesi hivyo. Uso wake ukafunguka. "Sasa unasema akili," akasema. Mukasine ndiye aliyeshika ukuta.

"Mifupa inaenda kwa parke," akasema. "Bantu balisema jaji atataka kuiona."

"Jaji atapata karatasi. Mifupa inabaki kwa mama."

Haikuwa kazi nzuri, hii. Edmond aliifahamu wakati akiifanya, na aliendelea. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye alikuwa anaushika uchungu huo mkononi kama jiwe la kuvunjia mlango.

Kaburi lilichimbwa kando ya kapela, jua likiwa bado juu ya vilima. Mifupa ilifungwa kwenye mkeka wa Epiphanie, ikateremshwa ndani. Jean-Marie, katekisti, mtu mpole aliyeogopa kila mtu, alishika kitabu chake cha sala akiangalia mara chifu, mara polisi. Mwanamke mwenye wembe alikuwa tayari, na bakuli la maji. Watu walisimama kwa mabega yaliyogusana. Mahali hapo hapakuwa na huzuni hata kidogo. Palikuwa na haraka.

"Tunamuombea ndugu yetu..." Jean-Marie akaanza, akasita, akamtazama Mukasine. Kwao ni mama anayelitaja jina la marehemu kwa mara ya mwisho, kisha anatupa udongo wa kwanza. "Mama, sema jina."

Mukasine alikuwa na bonge la udongo mkononi. Alilishika mpaka likaanza kumeguka kati ya vidole vyake.

"Sema, mama," Théogène akamhimiza. "Sema tumalize."

Mwanamke wa wembe akamwekea mkono kichwani, akazilowesha nywele za mbele. Mukasine akaruka kama aliyeunguzwa.

"Usiniguse," akasema. "Usiguse kichwa yangu."

"Mukasine," chifu akasema, sasa kwa sauti nyingine.

"Sitasema jina. Huyu haiko mutoto wangu." Udongo ukamponyoka mkononi, ukaanguka si kaburini bali pembeni. "Huyu iko mama mukwe. Nilimutoa mi mwenyewe, na mikono hii. Kichwa sikuweza. Alikuwa ananiangalia."

Epiphanie akakaa chini palepale aliposimama. Hakupiga kelele, alijifunika tu uso kwa kanga. Edmond aliona jinsi macho ya wengine wote yalivyomwacha Mukasine yakamjia yeye, yote, bila hata moja lenye shukrani.

"Juu ya nini, mama?" akauliza.

"Unauliza?" Mukasine akamsogelea mpaka akawa anamtazama kutoka juu, maana alimzidi urefu. "Kanyamibwa alimuandika bwana yangu juu ya mufereji. Alichapwa, akakojoa damu, akakufa. Nani aliitwa? Polisi gani alikuja kupanga mifupa yake kwa mukeka? Mutoto wangu alimupiga Kanyamibwa na mupini, mara moya tu, na ninyi munamutafuta mwaka muzima. Nilifikiri: akikuwa amekufa, hamutamutafuta tena. Na ule mwingine atalipa. Njo hivyo. Andika."

"Nitaandika." Edmond aliona koo lake limekauka. Hakukuwa na aliyempa maji tangu asubuhi, na sasa asingeyaomba. "Symphorien alikimbilia Mpofi, kwa bajomba ya baba yake. Nyanya alitoka kule. Hakuna fasi ingine muntu wa hapa angepokelewa bila maulizo. Saa hii anachimba mawe kwa mugodi wa Omate, pamoja na bakijana ya kule."

Mukasine hakusema ndiyo, hakusema hapana. Edmond hakuhitaji zaidi.

Jean-Marie alifunga kitabu chake, akaondoka bila kuaga. Watu wakaanza kutawanyika. Théogène alipita karibu na Edmond akasema bila kusimama, "Umemurudisha nyoka kwa nyumba yetu. Asiachwe alale njaa, brigadiye. Mupikie." Epiphanie aliinuka, akashika njia ya Masisi na miguu mitupu, kabla lori halijafika, na hakungoja hata kuambiwa kwamba mumewe atafunguliwa.

"Pierre," Edmond akaita. "Kesho tunashuka Mpofi. Chukua kamba na pingu, kama iko."

"Pingu haiko. Kuko kamba tu."

"Basi kamba."

Pierre akaanza kuikunja kiwikoni, akiizungusha kati ya kidole gumba na kiwiko kama wanawake wanavyokunja uzi. Mukasine alimtazama muda mrefu. Kisha akamwambia Edmond, kwa sauti ya mtu anayeuza kitu sokoni na hataki kupunguziwa bei:

"Bakimukamata, bamufunge mikono mbele. Hapana nyuma."

"Juu ya nini?"

"Bega yake ya kuume. Ilitoka kwa fasi yake akiwa mutoto, alianguka kwa muti wa avoka. Tangu ile siku ukivuta mukono nyuma, inatoka. Anajua kuirudisha mwenyewe, na ule mukono mwingine. Lakini mukimufunga nyuma hataweza. Atatembea na ile maumivu mpaka Masisi, na hatalia, hamutajua."

Edmond alifikiria bega alilolipanga kwenye mkeka asubuhi, kikombe chake kizima, hakina mkwaruzo hata mmoja. Neno hilo moja lingetosha kuonyesha kwamba mifupa ile si ya Symphorien. Mama huyu alilijua tangu mwanzo, akalificha mbele ya kilima kizima, na sasa alikuwa analitoa bure kwa mtu anayemchukia kuliko wote.

Akamgeukia Pierre. "Mbele," akasema. "Umesikia?"

"Nimesikia."

Mukasine hakumshukuru. Alishuka ndani ya kaburi, akautoa mkeka, akaufungua, akaanza kurudisha mifupa ya mama mkwe wake kikapuni, mikubwa chini, midogo juu. Wanawake waliokuwa bado wamesimama walimtazama, na hakuna hata mmoja aliyeinama kumsaidia.